Wastani una watu ndani: takwimu za njiani kati ya Masasi na Newala

Mwaka 1906 msomi wa Kijerumani, Karl Weule wa Leipzig, alitoka Lindi na msafara wa wapagazi, akapita Masasi, kisha akakwea uwanda wa Wamakonde na kupiga kambi Newala. Hakukusudia kufika huko. Alitaka kwenda Irangi, lakini moto wa Maji Maji ulikuwa haujazimika na njia hazikuwa salama, ndipo akageuzia safari yake kusini. Katika kitabu alichotoa baadaye aliandika habari za ngoma, michoro ya ukutani, jando na unyago. Aliandika pia habari za kipande cha kamba ya gome la mti chenye mafundo kumi na moja.

Mume anayesafiri alimwachia mkewe kamba hiyo na kumweleza kila fundo lina maana gani. La kwanza ni leo, siku ya kuondoka. La tano ni siku ya kufika aendako. La sita ni mapumziko huko ugenini. La saba ni siku ya kugeuza. Mke afungue fundo moja kila siku. Akifika la kumi aanze kutayarisha chakula, kwa sababu la kumi na moja ndiyo siku ya mwenyewe kubisha hodi.

Kwa mwalimu wa Hisabati wa darasa la sita au la saba, kamba hiyo ni somo zima la takwimu. Ina kumbukumbu ya siku, ina makadirio ya safari, na ina uamuzi unaotegemea makadirio hayo. Pia ina hadithi, na hadithi ndiyo inayokosekana ubaoni.

Namba zisizo na mwenyewe

Takwimu zimo katika Hisabati ya shule ya msingi. Watoto wa miaka kumi na moja hadi kumi na nne hujifunza kupanga taarifa katika jedwali, kuchora grafu na kutafuta wastani. Somo lenyewe si gumu. Tatizo ni jinsi linavyoletwa. Mwalimu anaandika namba saba ubaoni, watoto wanajumlisha, wanagawa kwa saba, jibu linapigiwa vema, daftari linafungwa. Namba zile si umri wa mtu, si kilo za mzigo, si dakika za kungoja gari. Mtoto anaondoka akijua kugawa, jambo ambalo alikuwa akilijua tangu darasa la nne.

Mbele ya safari matokeo yanajulikana. Katika miaka ya karibuni, kati ya kila watahiniwa wanne wa kidato cha nne nchini, anayefaulu Hisabati ni mmoja hivi. Sababu ni nyingi: upungufu wa walimu, madarasa yaliyofurika, na lugha ya kufundishia inayobadilika ghafla kidato cha kwanza. Hata hivyo, takwimu ni mada ambayo ingeweza kuwanusuru wengi, kwa kuwa haihitaji mtoto aelewe kitu asichokiona. Inahitaji ahesabu vitu vilivyo mbele yake na aulize maswali ya busara. Na katika kipande cha nchi kati ya miamba ya Masasi na ukingo wa Newala, vitu vya kuhesabu vimejaa.

Tuanze na ile kamba. Tuseme wanaume kumi wamefunga safari hiyohiyo, kila mmoja kaacha kamba ya mafundo kumi na moja nyumbani. Wawili wamerudi siku ya 10. Wanne wamerudi siku ya 11. Wawili siku ya 12, mmoja siku ya 13, na wa mwisho, aliyeugua njiani, siku ya 19. Darasa lijumlishe: 120. Ligawe kwa kumi: wastani ni siku 12.

Hapa ndipo mwalimu aulize swali ambalo vitabu haviliulizi: chakula kipikwe siku gani? Mtoto atakayejibu "siku ya 12, kwa sababu ndiyo wastani" aambiwe ahesabu waliokwisha kufika. Atakuta kwamba kufikia siku ya 11 wanaume sita wako nyumbani, na chungu hakijainjikwa. Mtu mmoja aliyechelewa kwa wiki nzima ameuvuta wastani mbele, na sita wamelala njaa kwa ajili yake.

Sasa darasa liwapange wasafiri kwa mstari, kuanzia aliyewahi hadi aliyechelewa, na kutazama waliosimama katikati. Wa tano alirudi siku ya 11, wa sita vilevile. Namba ya katikati ni 11, na siku iliyojirudia mara nyingi kuliko zote ni hiyohiyo. Katika dakika arobaini watoto wameona vipimo vitatu, na wameona kwamba vinaweza kutofautiana. Wameona pia kwamba kuchagua kipimo ni kuamua nani ale na nani asubiri. Mmoja wao hakosi kuuliza habari za yule wa siku ya 19: atakula nini? Swali hilo linafungua mlango wa mtawanyo, yaani namba zimekaribiana au zimeachana kiasi gani, bila mwalimu kulazimika kutaja kanuni yoyote.

Ulimuuliza nani?

Kituo cha pili ni stendi ya mabasi Masasi. Barabara ya kupanda Newala ni sehemu ya njia ndefu inayotoka Mtwara kupitia Mnivata, Tandahimba na Newala hadi Masasi, kilomita 210 kwa jumla. Watu wa huko wameisubiri lami yake miaka mingi, na kipande cha Mnivata hadi Masasi peke yake ni kilomita 160. Watoto wa pande hizo wanaijua barabara hiyo kwa vumbi la kiangazi na tope la masika kabla ya kuijua kwa ramani.

Tuseme asubuhi moja yametoka magari mawili: Noah yenye abiria 4 na Kosta yenye abiria 16. Waulize madereva wawili kila mmoja kabeba wangapi. Majibu ni 4 na 16, wastani ni abiria 10 kwa gari. Sasa yasubiri magari hayo Newala, uwaulize abiria wote 20 swali lilelile: gari lenu lilikuwa na watu wangapi? Wanne watasema 4. Kumi na sita watasema 16. Jumlisha majibu yote, upate 272. Gawa kwa 20, upate 13.6.

Hakuna aliyesema uongo, wala hakuna aliyekosea kuhesabu. Swali ni moja, magari ni yaleyale, majibu ni mawili. Gari lililojaa lina vinywa vingi vya kujibu. Lililo tupu lina vichache. Ndiyo maana abiria hulalamika kwamba magari yanabana wakati mwenye magari anasema biashara ni ya wastani, na wote wawili ni wakweli. Shuleni ni vivyo hivyo. Mwalimu mkuu akigawa idadi ya wanafunzi kwa idadi ya mikondo, anapata namba moja. Wanafunzi wakiulizwa kila mmoja darasani kwao wako wangapi, wastani wa majibu yao utakuwa mkubwa zaidi kila mara mikondo inapokuwa haijalingana.

Mtoto aliyelielewa hilo akiwa na miaka kumi na tatu, siku atakaposikia redioni kwamba asilimia fulani ya wananchi wamesema hivi au vile, atauliza kwanza walioulizwa ni akina nani.

Korosho, gunia na kokoto

Mkoani Mtwara hakuna somo la sampuli lililo karibu kuliko korosho. Msimu ukifika, mkulima wa Newala hupeleka mzigo chama cha msingi, nao husafirishwa hadi ghala kuu kungoja mnada. Hakuna anayeweza kubangua gunia zima kujua lina nini. Mkaguzi huchota kiasi kidogo kutoka magunia kadhaa, hupima unyevu, kisha hupasua korosho moja moja kwa kisu na kuzitenga: kiini kizima cheupe huku, chenye madoa kule, kilichooza au kusinyaa pembeni. Viini vizuri hupimwa uzito, na kutokana na hapo hukadiriwa gunia la kilo 80 litatoa paundi ngapi za kiini. Mzigo wa maelfu ya kilo huamuliwa daraja lake kwa korosho zinazoenea katika sahani chache.

Kilo moja ya korosho ghafi ina korosho karibu 200. Darasa linaweza kuleta kilo moja, kuihesabu, na kupasua ishirini tu zilizochukuliwa bila kuchagua. Zikitoka mbovu tatu, watoto wakadirie mbovu katika kilo nzima, kisha wapasue zilizobaki na kuona wamekosea kwa kiasi gani. Kundi jingine lichukue ishirini nyingine. Majibu hayatalingana, na kutolingana huko ndiko kiini cha somo: sampuli inakisia, haiapi.

Kisha ije hadithi ya kokoto. Mwaka 2018 kulizuka sakata baada ya korosho za Tanzania zilizosafirishwa hadi Vietnam kukutwa zimechanganywa na kokoto. Mwalimu aliweke darasani kama fumbo: kokoto zilipitaje ukaguzi? Watoto wa wakulima hawakawii kujibu. Aliyeweka kokoto hakuziweka juu ya gunia. Ukichota juu tu, au ukichota gunia lililo karibu na mlango kwa sababu la nyuma halifikiki, umechota kile alichotaka ukione. Wafanyabiashara wa nafaka hutumia bambo, chuma chenye ncha na mfereji kinachochomekwa hadi tumboni mwa gunia, kwa sababu hiyohiyo. Mtoto aliyeshika bambo haambiwi mara mbili kwa nini sampuli ichukuliwe juu, katikati na chini, na kwa nini gunia lichaguliwe kwa bahati nasibu badala ya jicho la mtu.

Bei ya juu, bei ya chini

Kutoka ghalani safari inaingia mnadani. Kila msimu, katika minada ya TANECU, chama kikuu cha wakulima wa Tandahimba na Newala, na ya MAMCU, ambacho wakulima wa Masasi wamo, hutangazwa namba ambazo kila kaya huzisikiliza: bei ya juu na bei ya chini, na mara nyingi ya wastani pia. Namba hizo zina uzito wa karo, bati na dawa ya salfa ya mwaka ujao. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za wanunuzi, na mwishowe Serikali ikatangaza kununua yenyewe kwa Sh3,300 kwa kilo.

Tuseme mnada mmoja bei ya juu ni Sh4,000 na ya chini ni Sh3,500. Mtoto mwenye haraka atajumlisha, agawe kwa mbili, aseme wastani ni Sh3,750. Mwalimu aulize: ni tani ngapi zilizonunuliwa kwa kila bei? Tuseme tani 50 zilipata Sh4,000 na tani 450 zikapata Sh3,500. Hesabu ikipigwa kwa kilo zote, wastani unashuka hadi Sh3,550. Tofauti ni Sh200 kwa kilo. Kwa kaya yenye kilo 500 hiyo ni Sh100,000, na hapo makato hayajaguswa. Hakuna mtoto wa Newala atakayesinzia katika hesabu hiyo, kwa kuwa anajua laki moja nyumbani kwao inafanya nini.

Somo la makadirio nalo lina hadithi yake, na kwa bahati ni ya mwaka uleule wa 1906. Mwaka ambao Weule alikuwa kusini mwa nchi yetu, katika maonyesho ya mifugo mjini Plymouth, Uingereza, watu walilipia tiketi kubahatisha uzito wa nyama ya ng'ombe mnene baada ya kuchinjwa na kusafishwa. Francis Galton, mzee wa takwimu aliyekuwa na miaka zaidi ya themanini, aliziomba tiketi hizo. Zilizosomeka zilikuwa 787. Alizipanga kutoka ndogo hadi kubwa, akaangalia ya katikati: paundi 1,207. Uzito halisi ulikuwa paundi 1,198. Umati wa wachinjaji, wakulima na watu wa kupita tu ulikuwa umekosea kwa paundi tisa, chini ya asilimia moja.

Hapa kwetu ng'ombe si lazima. Mbuyu wa shule unatosha: kila mtoto akadirie mzingo wake kwa sentimita na kuandika kwenye karatasi bila kumwonyesha jirani. Karatasi zipangwe, ya katikati isomwe, halafu utepe uzungushwe. Safari ya pili, mtoto anayeheshimiwa kwa akili atangaze jibu lake kwa sauti kabla ya wengine kuandika, na darasa litazame makadirio yanavyomfuata. Hapo watoto watajua kwa nini busara ya wengi hutegemea kila mtu kufikiri peke yake.

Safari ya maji, usiku wa sensa

Newala imekaa kwenye ukingo. Simama Shimo la Mungu, bonde la Ruvuma linafunguka chini yako na Msumbiji inaonekana ng'ambo. Uwanda huu una mchanga unaomeza mvua. Maji hujitokeza chini, mabondeni. Wazee waliokimbilia juu kuepuka uvamizi walilipia usalama wao kwa miguu ya wanawake, waliokuwa wakishuka na kupanda mteremko na mitungi kichwani. Weule mwenyewe aliandika juu ya taabu ya maji Newala. Tangu miaka ya 1950 kumekuwa na mradi wa kuyasukuma maji kutoka bondeni kuyapandisha uwandani, na hadi leo chanzo cha Mitema ndicho kinachotajwa maji yanapopungua.

Mtoto anayetumwa maji ana takwimu mkononi. Aandike kwa mwezi mmoja wa mvua na mmoja wa kiangazi dakika alizotumia kwenda, kupanga foleni na kurudi. Darasa lichore grafu mbili, moja ya Februari na moja ya Septemba, na wavulana wahesabiwe kando na wasichana. Mistari hiyo ikibandikwa ukutani inaweza kuzungumzwa na wazazi katika kikao cha shule, na hata na diwani, kwa uzito kuliko malalamiko ya mdomo. Hapo takwimu zinakuwa chombo cha raia.

Hadithi kubwa kuliko zote ni ya sensa. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022, Tanzania ilitaka kujua kila mtu kalala wapi. Hata kama nyumbani kwake palikuwa pengine, karani aliuliza alikolala. Mtu wa Newala aliyelala gesti Masasi alihesabiwa Masasi, na aliyekuwa safarini aliwekewa utaratibu wa wasafiri. Mwisho wa hesabu nchi ilikuwa na watu 61,741,120, na Mkoa wa Mtwara watu 1,634,947, kutoka 1,270,854 mwaka 2012. Watoto watafute asilimia ya ongezeko. Watapata karibu 29. Kisha waulizwe: kama usiku huo ungekuwa katikati ya msimu wa korosho, wakati vibarua na wachuuzi wamemiminika wilayani, namba ya Newala ingekuwa ileile?

Hoja za wenye shaka

Walimu wengi wataniambia hili ni tamu kwenye karatasi. Darasa lina watoto themanini, kipindi ni dakika arobaini, nauli hakuna. Ni kweli. Lakini safari ninayoisema si ya kukodi basi. Njia ya kutoka nyumbani hadi shuleni inatosha, na watoto themanini wanaoandika dakika zao ni bora kuliko ishirini, kwa kuwa takwimu hustawi penye wengi. Kinachohitajika ni daftari, saa moja ya ukutani na ruhusa ya kutumia namba ambazo mwalimu hajui jibu lake kabla.

Kuhusu hadithi, tumekwisha kuona nchini kwamba zinafundisha hesabu. Ubongo Kids, katuni zilizoanza kutengenezwa Dar es Salaam na kurushwa kwenye televisheni mwaka 2014, zimewafundisha watoto Hisabati kwa visa na nyimbo za Kiswahili, na sasa zinatazamwa nchi nyingi za Afrika. Mtoto aliyeielewa namba ya katikati kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakuta jina jipya tu la kitu anachokijua.

Kizuizi kikubwa ni mtihani. Karatasi ikiuliza "tafuta wastani" na kuishia hapo, mwalimu mwenye akili timamu atafundisha kutafuta wastani na kuishia hapo. Kwa hiyo mabadiliko yaanzie kwa watunga mitihani na mitaala, nayo ni madogo: baada ya swali la kukokotoa, uongezwe mstari mmoja. Mnada una tani 50 za Sh4,000 na tani 450 za Sh3,500. Jirani yako anasema wastani ni Sh3,750. Je, ni sahihi? Eleza. Neno hilo la mwisho likipewa alama tatu, miaka miwili haitapita kabla ya madaftari ya Masasi na Newala kujaa dakika, kilo na abiria. Walimu hufundisha kinachotahiniwa.